Pima Uzito Wako Kabla ya Kununua Shokapu

Shokapu ya mbele ya daraja la juu kwa baiskeli ya kushuka milima, mfano wa Fox 40 au RockShox BoXXer, bei yake inakaribia dola 2,000. Springi ya chuma ya shokapu ya nyuma kwa kawaida haifiki hata dola 100, na mafuta na sili za kuifanyia huduma shokapu iliyochoka hazizidi hapo. Lakini mwendeshaji akiona baiskeli inamtetemesha mikono na kumrusha kwenye mawe, akili yake hukimbilia ile ya dola 2,000. Naona anaanzia mwisho. Wengi wanaolalamikia shokapu zao hawajawahi kuzirekebisha kwa uzito wao wala kuzifikisha kwa fundi zikafunguliwa, na kwa sisi wa Afrika Mashariki, ambao kipuri cha namna hii huagizwa na kusubiriwa, kosa hilo linauma mfuko mara mbili.

Tukubali kwanza kwamba wanaotetea vifaa vipya wana historia upande wao. Vijana wa California walioanza kushindana kwenye mteremko wa Repack, karibu na mji wa Fairfax, mwaka 1976, hawakuwa na shokapu yoyote. Walishuka na baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na grisi ya kitovu cha gurudumu iliungua hadi ikabidi kitovu kijazwe upya. Mwaka 1990, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia yaliyotambuliwa na UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, huko Durango, Colorado, Mmarekani Greg Herbold alishinda mbio za kushuka akiwa na shokapu ya mbele ya RockShox iliyobonyea chini ya milimita 50. Leo shokapu ya mashindano hubonyea milimita 200. Hakuna anayeweza kudai kwamba safari hiyo ilikuwa ya bure. Ila tutazame ilipoishia: hizo milimita 200 zimekuwa kipimo cha kawaida kwa takriban miaka 20, na hakuna timu kubwa inayokimbilia 250. Kilichoendelea kubadilika ni jinsi mafuta yanavyodhibitiwa, umbo la fremu na ukubwa wa magurudumu. Mwaka 2017 Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda Kombe la Dunia huko Fort William, Uskoti, akitumia magurudumu ya inchi 29, wakati wengi bado waliamini kwamba gurudumu kubwa ni la mbio za nyika tu. Kwa hiyo anayenunua shokapu kwa kuhesabu milimita ananunua kitu ambacho mashindano yenyewe yaliacha kukitafuta zamani.

Shokapu, mbele au nyuma, ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna springi, ya chuma au ya upepo, inayobeba uzito. Na kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, ambayo kazi yake ni kuizuia springi isibonyee wala kurudi kwa fujo. Springi isipolingana na mwili wa mwendeshaji, mafuta hayawezi kuokoa jahazi, hata yawe ndani ya shokapu ya bei gani. Tupige hesabu. Chukua baiskeli ambayo gurudumu la nyuma hupanda milimita 200 huku shokapu ikibonyea milimita 75, na tuchukulie kwamba theluthi mbili ya uzito wa mwendeshaji iko nyuma. Mtu wa kilo 80, pamoja na helmeti, viatu na maji yake, akikalia springi ya pauni 350 kwa inchi, shokapu itazama kama asilimia 30 ya uwezo wake, kiasi ambacho waendeshaji wa mbio za kushuka hukipenda. Mpe baiskeli hiyohiyo mtu wa kilo 60, itazama asilimia 23 tu, na tairi itakuwa inarukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata. Mpe wa kilo 100, itazama asilimia 38, na kila mruko mkubwa utaipeleka hadi chuma kigonge chuma. Watu watatu, baiskeli moja, na wawili kati yao watasema shokapu ni mbovu. Baiskeli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na springi iliyokadiriwa kwa mtu wa wastani, na baiskeli ya mtumba huja na springi ya mtu mwingine kabisa. Kununua shokapu ya gharama bila kujua kilo zako ni sawa na kununua viatu vya gharama bila kujua namba ya mguu wako.

Mkanganyiko mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye neno moja la malalamiko: ngumu. Mwendeshaji anafika chini mikono imekufa ganzi, anasema shokapu ni ngumu, na hapo hukumu ya kununua mpya imeshatoka. Kumbe ugumu huo unaweza kuletwa na sababu tatu ambazo dawa zake zinapingana. Ya kwanza ni springi iliyo ngumu kweli, au upepo uliozidi. Ya pili ni kinyume chake: upepo umepungua, shokapu inaishi imezama chini kabisa, na pale chini ndipo upepo huwa mgumu kwa sababu umeshagandamizwa. Ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Skrubu inayotawala kasi ya kurudi ikikazwa mno, shokapu inabonyea kwenye jiwe la kwanza na kuanza kurudi taratibu. Jiwe la pili linaikuta bado iko nusu njia, la tatu linaikuta chini zaidi, na likija la nne hakuna tena nafasi ya kubonyea. Mikono inahisi chuma kitupu. Mwendeshaji asiyejua hilo anapunguza upepo ili ilainike, shokapu inazama zaidi, na hali inaharibika. Tiba ilikuwa kulegeza skrubu moja, kazi ya sekunde tano isiyo na gharama.

Nitajibiwa kwamba skrubu zenyewe ni nyingi mno kwa mtu wa kawaida. Ni kweli. Shokapu za juu zina skrubu nne: mbili za kubonyea, mbili za kurudi. Kila moja ikiwa na hatua 15, michanganyiko inapita 50,000, na hakuna mtu mwenye maisha ya kuijaribu yote. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko mpinzani wangu, kwa sababu shokapu mpya ya bei kubwa ndiyo inayokuja na skrubu nyingi zaidi. Asiyeweza kurekebisha skrubu mbili hatapata nafuu kwa kuongezewa mbili nyingine. Utaratibu unaofaa ni mfupi: kwanza uzito na kiasi cha kuzama, kisha kasi ya kurudi, na skrubu za kubonyea ziachwe wazi hadi mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, shuka kipande kilekile cha njia, andika. Pete ndogo ya mpira kwenye shafti itaonyesha shokapu ilibonyea hadi wapi, na pete hiyo haisemi uongo.

Kisha kuna huduma, jambo ambalo halina mvuto wowote kwenye picha. RockShox hushauri sehemu ya chini ya shokapu zake nyingi za mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox hutaja saa 125 au mwaka mmoja. Ndani yake mafuta ya kulainisha ni mililita chache tu. Yakikauka au yakichanganyika na vumbi, bushi zinaanza kushika, shokapu inakataa kusogea kwa vijiwe vidogo, na hapo tunarudi kwenye lile neno la ngumu. Mtu anayebadilisha shokapu iliyokaa misimu miwili bila kufunguliwa atasifu mpya kwa dhati, na hatajua kwamba sehemu kubwa ya anachokisifu ni usafi wa mafuta.

Wengine watauliza: kama vifaa si muhimu, mbona timu za Kombe la Dunia hazikosi vipya? Sijasema si muhimu. Ila angalieni timu hizo hufanya nini wakiwa tayari na vifaa bora kuliko vyote. Hufunga vihisi kwenye shokapu wakati wa mazoezi, husoma kasi ya shafti, hubadilisha springi na mafuta kulingana na njia. Njia ya Pietermaritzburg, ambako Minnaar alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2013 katika mji wake wa nyumbani, ilijulikana kwa kipande kirefu cha kukanyaga pedali. Shokapu laini inayofaa kwenye mawe ya Val di Sole nchini Italia ingemnyonya mtu nguvu pale. Walio na kila kitu bado wanarekebisha kila wikendi. Sisi tunataka kununua ili tusirekebishe.

Fremu nayo ina sauti yake, na hakuna shokapu inayoweza kuinyamazisha. Kwenye fremu nyingi, gurudumu la nyuma linapopanda, mnyororo huvutwa na kuirudisha pedali nyuma. Mwendeshaji huhisi teke hilo mguuni na kuilaumu shokapu. Mwaka 2014 huko Hafjell, Norway, Neko Mulally alikatikiwa mnyororo mwanzoni mwa mbio za ubingwa wa dunia na bado akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata Aaron Gwin alikatikiwa wake pale pale langoni huko Leogang, Austria, na akashinda mbio. Sipendekezi mtu akate mnyororo. Mteremko wenyewe ulichangia, na ustadi wa miguu na mikono yao ulichangia zaidi, lakini mbio hizo mbili zinatosha kuonyesha kwamba tabia ya nyuma ya baiskeli haimo ndani ya shokapu peke yake. Ndiyo maana anayepandisha daraja bila kusoma vipimo vya fremu anajitafutia hatari. Shokapu ya nyuma yenye mwendo mrefu kuliko ulioruhusiwa inaweza kufanya tairi igonge fremu. Shokapu ya mbele iliyozidi milimita 20 huinua usukani na kulaza pembe ya mbele kwa karibu nyuzi moja. Na ile ya mataji mawili, inayoshika fremu juu na chini ya kichwa chake, ikifungwa kwenye fremu isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kupasua kichwa hicho.

Kwenye mabishano ya springi ya chuma na upepo, mashabiki wa mbio hizi wengi huapa kwa chuma: ni laini mwanzoni, haibadiliki sana ikipata joto kwenye mteremko mrefu. Yote ni sahihi. Hata hivyo, kwa mwendeshaji wa Ngong au Usambara ningechagua upepo bila kusita. Springi ya chuma huuzwa kwa ngazi, mara nyingi za pauni 50, na ukikosea ngazi unaagiza nyingine ng'ambo. Ya upepo inataka pampu yake maalumu tu. Kijana wa kilo 60 na mjomba wake wa kilo 95 wanaweza kuipokezana baiskeli moja, kila mmoja akaweka upepo wake kwa dakika mbili. Upungufu wake ni kwamba inadai sili nzima na ukaguzi wa mara kwa mara.

Upo wakati wa kununua, na sitaki kuuficha. Bomba la juu la shokapu ya mbele lenye mkwaruzo mkubwa litakula sili kila mwezi. Shokapu iliyokosa vipuri haina wa kuitengeneza. Mtu mzito au mwepesi sana anaweza kutoka nje ya kiwango ambacho sehemu ya mafuta ilitengenezewa, ingawa hata hapo fundi mjuzi anaweza kubadilisha vibati vya ndani vinavyodhibiti mafuta kwa gharama ndogo kuliko shokapu nzima. Na kuna zile baiskeli za bei nafuu zenye shokapu za maonyesho, springi tupu isiyo na mafuta, nzito, zinazoruka kama mpira. Hizo hazina cha kurekebisha wala hazistahili kupandishwa daraja, maana fremu zenyewe hazikuumbwa kwa mirusho. Kwa anayebeba madumu ya maji au kwenda shule, uma wa chuma usio na shokapu ungemfaa zaidi.

Lawama hizi zisiwaishie waendeshaji. Tuna mafundi wa bodaboda kila kona ambao hufungua shokapu za mbele za pikipiki, hubadilisha sili na kupima mafuta kwa jicho lililozoea. Kazi hiyo kwenye baiskeli inafanana sana, isipokuwa mafuta ni machache na vipimo vyake ni vya karibu zaidi, na shokapu ya nyuma yenye gesi ya naitrojeni inahitaji mtambo wa kujazia ambao si wa kawaida mitaani. Muuzaji anayeagiza baiskeli za milimani angeweza kuleta, katika shehena ileile, sili za saizi tatu nne zinazotumika zaidi, mafuta ya uzito unaotakiwa na pampu za shokapu, kisha akakubaliana na fundi mmoja aliye jirani. Kwa bei ya shokapu moja ya dola 2,000 rafu nzima ingejaa.