Baada ya Kuanua Matanga

Mfanyakazi akifariki, ofisi zetu zinajua la kufanya. Kabla ya saa sita mchana kamati ya msiba imeshaundwa, daftari la michango linapita meza kwa meza, basi la kwenda kuzika limekodiwa, na bosi mwenyewe anasimama makaburini kutoa salamu za rambirambi. Huu ni utu, na tusiuache. Lakini ukarimu huo hukoma siku matanga yanapoanuliwa, wakati aliyebaki kazini ndiyo kwanza anaanza kuuhitaji. Hilo ndilo lililotusukuma kuandaa toleo hili.

Itazame Jumatatu inayofuata. Kikombe cha marehemu kipo kabatini, sweta lake liko mgongoni mwa kiti, jina lake bado linasomeka kwenye orodha ya zamu. Mwenzake aliyekaa naye meza moja kwa miaka anakabidhiwa mafaili yake, ayamalize kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna anayemuuliza kama ataweza. Wiki ya tatu anaanza kuchelewa, anakosea hesabu, anajibizana na wateja. Wiki ya nne anaandikiwa barua ya kujieleza. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake. Mfanyakazi mwenzako hayumo katika orodha hiyo. Pengo hilo mwajiri anaweza kuliziba mwenyewe, hata leo, bila kusubiri Bunge.

Wapo pia ambao hata hizo siku 4 hawazipati. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Nchi nzima ilifuatilia uokoaji kwa siku kadhaa, tukiwaombea waliokwama chini ya kifusi. Kariakoo ni ya wauza duka, wapagazi na vibarua, na wengi wao hulipwa mkononi jioni, bila mkataba wala hati ya mshahara. Duka likianguka, kazi imekwisha saa hiyohiyo. Tanzania Bara tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake, na unaogharamia matibabu, fidia ya ulemavu, utengamao, mazishi na malipo ya wategemezi. Ila safari ya kudai haki hiyo huanzia kwenye kuthibitisha kwamba uliajiriwa. Kwa hiyo msaada wa kwanza kabisa kwa mfanyakazi wakati wa janga hutolewa miezi au miaka kabla ya janga: mkataba wa maandishi, jina lake kwenye orodha ya Mfuko, na namba ya simu ya mtu wa kwao.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema. Siku moja baada ya tukio, uongozi humwita mshauri nasaha, hukusanya watu wote ukumbini na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake, limeshauri vikao vya namna hiyo visitumike kwa watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha. Linachokihimiza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kutazama nani ana shida gani, kusikiliza bila kumlazimisha mtu aseme, na kumuunganisha na anachokihitaji. Kuunganisha huko ni mambo ya kawaida kabisa: kumpigia mkewe simu, kumtafutia usafiri wa kurudi nyumbani, kumfikisha kwa daktari, kumpa mshahara wa mwezi mapema. Anayeweza kuyafanya hayo vizuri zaidi ni msimamizi wake wa karibu, anayemjua kwa jina na anayepanga zamu zake. Wasimamizi wetu wafundishwe kazi hiyo.

Na wafundishwe pia kwamba ni kazi ya muda mrefu. Mabomu yaliyolipua balozi za Marekani tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Nairobi, wafanyakazi wengi wa majengo ya jirani walikimbilia madirishani waliposikia mshindo wa awali. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo viliwaingia machoni. Karani aliyepoteza jicho hawezi kusoma leja kama zamani, na jeraha lake halina siku ya kuanua matanga. Anakuja nalo ofisini kila asubuhi, mpaka siku ya kustaafu.

Misukosuko mingine haimwagi damu, lakini nayo huvunja watu. Safari za ndege za kimataifa ziliposimama Aprili 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wafanyakazi wengi wa hoteli za Zanzibar na Arusha walirudishwa nyumbani. Tanzania Bara, sheria inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane nao au na chama chao. Mwajiri anayeitii sheria hiyo humpa mtu nafasi ya kuzungumza na mwenye nyumba na kupanga ada ya mtoto. Anayenyamaza huwaachia watu wake uvumi wa WhatsApp, na uvumi humnyima mtu usingizi hata pale ambapo kazi yake ingesalimika.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya kampuni kubwa. Tunawakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yanakadiria siku za kazi bilioni 12 kupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Gharama tunailipa tayari. Tunailipa kwa makosa, kwa utoro na kwa watu wazuri wanaoacha kazi kimyakimya.

Makala za toleo hili zinazungumzia mikataba, fidia, ushauri nasaha na upunguzaji wa wafanyakazi, na zote zinarudi kwenye ombi moja. Kila mahali pa kazi, kiwanda au duka la watu watatu, pateue sasa hivi mtu atakayemfuata kila aliyeguswa na janga: baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka. Amuulize anaendeleaje, na ni nini kibadilike katika kazi yake. Jibu liandikwe, na mwajiri alitekeleze.