PIN ni siri, mshahara si siri nyumbani

Kuanza kazi mpya ni jambo la kumshukuru Mungu, na huku Kisumu mwaka wa 2021 ilikuwa zaidi ya hivyo. Juni 18 mwaka huo, Wizara ya Afya ilitangaza masharti makali katika kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi, na kafyu ikawa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo vyakula yalisimamishwa kwa siku 30. Nyumba nyingi zilizokuwa na vipato vitatu zilibaki na kimoja, na mmoja akiajiriwa, kila mtu alihesabu kwamba ameajiriwa.

Sisi kazi yetu ni kuhamisha pesa kutoka simu hadi simu, na maoni yetu ni haya: wengi wetu tunaficha kile tunachopaswa kusema, na tunasema kile tunachopaswa kuficha. PIN inajulikana na ndugu, jirani, hata ajenti. Lakini mshahara ni kiasi gani na utaingia lini, hakuna anayejua nyumbani. Tunadhani ingefaa kuwa kinyume.

Mwezi wa kwanza hauna mshahara

Tuseme ni mwaka huo wa 2021, na binti anayeishi Nyalenda amepata kazi ya keshia mjini. Mama yake anauza mitumba Kibuye, na meza yake imefunikwa turubai. Baba yuko Bondo. Binti anaanza kazi tarehe 1, mshahara ni mwisho wa mwezi. Kabla ya wiki kuisha, simu zinaanza: mdogo wake anataka pesa ya kitabu, shangazi anaomba ya dawa, mwenye nyumba amesikia kuna kazi na anauliza kodi.

Hawa wote hawamwonei. Hawajui tu kwamba bado hajalipwa, na yeye anaona aibu kusema. Na kazi yenyewe inamla pesa kila siku. Wakati huo matatu ya viti 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8, kwa hivyo nauli ilikuwa imepanda, na akichelewa kutoka kazini ilimbidi apande boda boda ili kafyu isimkute njiani. Basi anachukua mkopo wa simu. Mshahara ukiingia, mkopo unakatwa kwanza, na mwezi wa pili anauanza akiwa na deni.

Angewaambia siku ya kwanza, "Nimepata kazi, lakini pesa ni tarehe 30, na hadi hapo mimi pia nahitaji nauli," nusu ya simu hizo zisingepigwa. Pengine mama mwenyewe angemsaidia nauli ya wiki.

Mia mbili, mia mbili

Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kusitozwe ada, ili watu wapunguze kushikana noti wakati wa Korona. Msamaha huo uliisha Desemba 31, 2020. Ada zilirudi, lakini tabia ya kutuma mia mbili leo na mia mbili kesho ilibaki.

Unaweza kushangaa sisi kukuambia hivi, kwa sababu ada tunapokea sisi. Lakini chukua orodha ya ada zetu ulinganishe: kutuma 200 mara tano kunakugharimu zaidi ya kutuma 1,000 mara moja, na anayepokea analipia kila mara anapotoa. Kwa mtu wa mshahara mdogo, hiyo ni sukari na unga vinavyopotea njiani. Na kwa nini tunatuma vidogo vidogo? Kwa sababu hatukukaa chini tukapanga. Kila ombi linakuja kama dharura, nasi tunalijibu kama dharura.

Siri inayompendeza tapeli

Wakati kazi ni chache, matapeli wanajua. Ujumbe unakuja: umechaguliwa, tuma pesa ya fomu, ya sare, na usimwambie mtu kwa sababu nafasi ni chache. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mtego wenyewe. Ungemsomea mama yako ujumbe huo jikoni, angekuuliza swali moja tu: "Kazi gani hiyo inayoanza kwa wewe kuwalipa?" Kwetu sisi, swali hilo linakinga pesa kuliko onyo lolote tunaloweza kukutumia kwa SMS.

Lakini ukisema, si ukoo wote utakuja?

Ni kweli, na hatuwezi kulipuuza. Huku kwetu msiba hauna likizo. Mwaka 2021 mazishi yalitakiwa kufanyika ndani ya saa 72 na watu wasiozidi 50, kwa hivyo wengi wasioweza kufika walituma mchango kwa simu. Mwenye kazi mpya ndiye anayetafutwa wa kwanza.

Hatusemi utangaze mshahara wako kwenye grupu la ukoo. Waambie wale mnaokula nao sufuria moja na wale unaowalisha. Kwa wengine, tenga kiasi kimoja cha michango kila mwezi. Kikiisha, sema kimeisha hadi mwezi ujao. Anayekupenda ataelewa, hata kama atanuna kidogo.

Tunachopendekeza

- Kabla ya mshahara wa kwanza, kaeni chini nyumbani. Andikeni kodi, chakula, nauli, stima na karo. Karo isiwe ya kushtukizwa.
- Chagua siku moja au mbili za kutuma pesa kila mwezi, na uwaambie wanaopokea.
- Tuma mapema mchana. Jioni watu wanakimbizana na muda, ajenti anafunga, na haraka ndiyo inayofanya mtu akosee namba. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukikosea, tupigie mara moja.
- Ukitakiwa kulipa ili uajiriwe, simama. Muulize mtu wa nyumbani kwanza.
- PIN usimpe mtu yeyote, hata sisi. Hatutakuuliza kamwe.

Mazungumzo haya si rahisi, hasa kwa kijana mbele ya wazazi. Lakini mama wa Kibuye akijua kwamba kuna 3,000 zinazokuja tarehe 30, anaweza kumwambia mwenye duka ampe unga hadi siku hiyo. Asipojua, atakachoweza ni kukupigia simu kila jioni.