Bido ya mboga haimaanishi umekubali kubaki



Juzi nilikuwa Buyenzi kwa dada yangu. Anapanga chumba cha juu, na balkoni yake haifiki mita mbili. Hapo ameweka bido nne za mafuta ya kupikia, amezikata juu, na gunia moja. Ndani kuna lengalenga, vitunguu vya majani na pilipili. Jirani mmoja, kijana kama mimi, akacheka: "Weye dada, unalima huku? Kwani hautaki kuondoka?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike. Wengi wetu tunaogopa kupanda, kama vile mbegu ni sahihi ya kubaki Burundi. Tunangoja safari. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa wanahesabu siku sasa hawajui wahesabu nini. Tumbo lenyewe halingoji. Lengalenga, kama wiki nne tu unaanza kukata, na ukiacha kisiki inachipuka tena. Mwenye nyumba akikutoa, unabeba bido yako pamoja na godoro.

Kazi yenyewe si ngumu. Toboa matundu chini ili maji yatoke. Changanya udongo na samadi iliyooza. Bido iliyobeba dawa ya shamba au mafuta ya gari usiitumie kabisa. Ziweke karibu na ukuta, siyo kwenye ukingo, kwa sababu moja yenye udongo uliolowa inaweza kupita kilo 20. Na jua la Bujumbura ni kali, mchana zifunike na kitambaa chepesi.

Sasa nyinyi wa mashirika. Mimi najitolea kambini, nimegawa mbegu na majembe kwa mikono yangu. Kambini kuna kiwanja kidogo, sawa. Lakini kumpa jembe mtu anayepanga chumba mjini ni kumpa kasia asiye na mtumbwi. Kibera, Nairobi, baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, shirika la Solidarités lilisaidia familia kulima sukuma wiki ndani ya magunia, hata kando ya mlango. Hapa pia inawezekana. Tuleteeni magunia, samadi, na kitu cha kutunzia maji. Bomba linaweza kukauka siku mbili, na toka Juni mpaka Septemba mvua ni shida. Halafu msihesabu tu mbegu mlizogawa. Rudini mwezi wa tatu muulize nani bado anachuma.

Jambo moja msikosee: msiandike kwenye ripoti kwamba sasa tunajitegemea. Bido nne hazilishi watu sita. Zinaweka mboga kwenye bugali, na pesa ya lengalenga inanunua sabuni au daftari. Chakula, shule na kazi bado tunavihitaji, na bado tutaviomba.

Na wewe kijana unayecheka, sikulaumu. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini miaka niliyokaa bila kupanda haikunisogeza karibu na ndege. Ilipita tu, na mboga nilikuwa nanunua.

Wiki hii naanza na bido mbili. Safari ikija kesho, nitamwachia jirani.