Maji kwanza, nakshi baadaye

Anayejenga fremu za biashara Mbweni hana shida ya kutafuta saruji mbali. Kiwanda cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kiko jirani. Swali ni aweke nini mbele ya milango: pavingi, au zege la nakshi linalogandamizwa mihuri ya mpira likiwa bichi hadi lifanane na mawe.

Zege hilo linapendeza, na mteja hupenda kuingia pasipo tope. Lakini nakshi ni za juu tu. Udongo usioshindiliwa vizuri utatitia, na zege litapasuka pamoja na urembo wake. Joto letu hulikausha haraka, hivyo kazi ianze alfajiri na zege litunzwe lisikauke kwa siku 7.

Kubwa zaidi ni maji. Zege halinywi mvua. Masika, maji yote yatatafuta mlango wako au wa jirani. Na bomba likipasuka chini, pavingi hung'olewa na kupangwa tena. Zege la nakshi hukatwa, na kiraka hakifanani.

Tunashauri mkataba na fundi utaje unene usiopungua sentimita 10, na zaidi panaposimama malori. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Na mfereji wa kupokea maji. Mabomba yatangulie. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya kumwaga maji na kuona yanakoelekea.

Fedha zisipotosha, chagua pavingi na mfereji. Mtaji wa bidhaa usizikwe kwenye urembo.