Msimkimbize Caruso

Jamani, hili la santuri za zamani lazima tuliseme. Mwaka 1907 Enrico Caruso alirekodi "Vesti la giubba", wimbo wa mchekeshaji anayelia moyoni katika opera ya Pagliacci. Enzi hizo kasi ya santuri haikuwa moja. Iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 kwa dakika ukiipiga kwa 78, mwendo unaongezeka na sauti inapanda karibu nusu toni: E maina inakuwa F maina. Mwenye majonzi anasikika kama anakimbilia basi! Halafu tunasema waimbaji wa zamani walikuwa na sauti nyembamba. Kumhukumu marehemu kwa kosa la mashine si haki. Anayeweka rekodi hizi mtandaoni aandike kasi aliyotumia na ufunguo aliofuata. Au mnasemaje?