Simu ya Zimamoto si ya Moto Peke Yake

Wengi wetu, tusikiapo king'ora cha gari la zimamoto, hugeuza shingo kutafuta moshi. Mazoea hayo yametufanya tulitazame Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa upande mmoja tu, yaani upande wa moto. Lakini jina la Jeshi hilo lina neno la pili, nalo ni uokoaji. Neno hilo hatuna budi kulitafakari, kwa sababu huenda linagusa uhai wa watu wengi zaidi kuliko lile la kwanza.

Tuanze na mfano wa mbali. Nchini Marekani kazi ya zimamoto kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa serikali za miji na wilaya, na vikosi vyake huweka kumbukumbu ya kila wito. Chama cha kinga ya moto cha nchi hiyo, kijulikanacho kwa kifupi kama NFPA, hukadiria jumla yake kila mwaka. Mwaka 1980 vikosi hivyo viliitika miito ipatayo milioni 11. Kati ya hiyo, ya moto ilikuwa milioni 3 hivi, na ya wagonjwa na majeruhi milioni 5 hivi. Mwaka 2020 miito yote ilipita milioni 36. Ya moto ilikuwa imeshuka chini ya milioni moja na nusu, ilhali ya wagonjwa na majeruhi ilikaribia theluthi mbili ya yote. Ndiyo kusema, askari wa zimamoto wa huko siku hizi hushika bendeji mara nyingi zaidi kuliko mpira wa maji.

Kwa nini imekuwa hivyo? Sababu yake si ngumu kuielewa. Vituo vya zimamoto vimetawanywa katika mitaa ili gari lifike upesi. Askari wake wako macho usiku na mchana, na gari lao husubiri tayari. Maradhi ya ghafla nayo, kama moto, hayangoji. Moyo ukisimama, ubongo huanza kudhurika baada ya dakika 4 hadi 6. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu aweza kumaliza damu katika muda unaokaribiana na huo. Katika hali hiyo, jambo la kuuliza kwanza ni nani aliye karibu mwenye ujuzi. Hospitali yaweza kuwa na madaktari mabingwa, lakini mgonjwa akifikishwa amekwisha kukata roho, ubingwa wao hautamfaa.

Mji wa Seattle ulilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1970 daktari wa moyo, Leonard Cobb, alishirikiana na mkuu wa zimamoto wa mji huo, Gordon Vickery, kuwafundisha askari wa zimamoto kutibu wagonjwa mahututi pale pale walipoangukia. Idara ya Vickery ilikuwa na kumbukumbu nzuri za safari zake za huduma ya kwanza, na kumbukumbu hizo zilimfaa daktari katika kupanga kazi. Baadaye wakaona kwamba hata askari mwepesi kiasi gani hawezi kumtangulia jirani wa mgonjwa. Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakawafundisha wananchi wa kawaida namna ya kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Seattle imesifika kwa miaka mingi kwa kuokoa watu wa namna hiyo.

Sisemi tuige kila kitu. Huko kwenyewe wapo wanaolalamika kwamba gari kubwa la kuzimia moto, lenye askari wanne, hutumwa kumwinua mzee aliyeteleza bafuni, na huku nyuma nyumba yaweza kuwaka bila gari la karibu. Lalamiko hilo lina haki. Mwenye busara huchukua somo, akaacha gharama zisizo na maana.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huduma iliyokuwa chini ya halmashauri ikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Tangu hapo taifa limepata misiba iliyotufundisha kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka Msamvu, Morogoro. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wengine pale pale, wengine katika siku zilizofuata wakiwa hospitalini. Moto ulizimwa siku hiyo hiyo, lakini kazi ya kuwahudumia walioungua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja miongoni mwao baadaye alichukuliwa na Jeshi. Lilikuwa jambo jema. Lakini haifai tungoje msiba ndipo tutambue kwamba mwananchi aliye karibu ndiye mwokozi wa kwanza.

Na hatukosi mfano wetu wenyewe. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, humwezesha mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye mtoto mchanga aliye hatarini kupatiwa usafiri kwa simu ya bure, namba 115. Pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Mpango huo umethibitisha kwamba simu ikipokelewa kwa utaratibu, hata nchi isiyo na magari mengi yaweza kumfikia mtu wake.

Lakini aliyegongwa na bodaboda, au aliyeanguka kwa kifafa jikoni, anamwita nani? Mwananchi anatakiwa kukumbuka 112, 114 na 115, naye yuko katika taharuki. Maoni yangu ni kwamba namba yoyote atakayopiga imfikishe kwa msaada, bila kuambiwa akate simu na kupiga kwingine.

Watakuwapo wa kusema fedha hazipo, na kwamba Jeshi lenye upungufu wa magari ya maji lisiongezewe mzigo wa wagonjwa. Hoja hiyo haipuuzwi. Lakini askari huyo tayari huitwa penye ajali, akakuta majeruhi anavuja damu. Mzigo anao, anachokosa ni nyenzo. Mafunzo ya huduma ya kwanza, sanduku la dawa na machela ni rahisi mno kuliko gari moja la zimamoto. Pikipiki yenye askari aliyefunzwa yaweza kupenya foleni ya Dar es Salaam ambamo gari kubwa hukwama.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Kila kituo kina daftari la miito. Takwimu zake zitangazwe kila mwaka katika kila mkoa: miito mingapi, ya nini, na gari lilifika baada ya dakika ngapi. Diwani atajua wapi pa kudai kituo, na mpangaji wa mji atajua barabara ipi imezibwa. Bila hesabu hizo tutaendelea kugawa vituo kwa kubahatisha.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Walimu hawajasahau Shauritanga mwaka 1994, ambako zaidi ya wanafunzi 40 waliteketea bwenini, wala Idodi mwaka 2009, walikokufa wasichana 12. Mwalimu anayewafundisha watoto njia ya kutokea, namna ya kuzuia damu na namna ya kutaja mahali alipo anapopiga simu, anajenga kikosi ambacho hakuna bajeti iwezayo kukilipia. Awafundishe pia kwamba kupiga 114 kwa mzaha ni kumnyang'anya mwingine dakika zake. Nasi watumishi wa umma tujiulize: ofisini mwetu ni nani ajuaye kutumia kizimamoto kile kilichoning'inia ukutani? Mwenzetu akianguka mezani, ni nani ajuaye la kufanya kabla gari halijafika?

Anayeshindwa kujibu maswali hayo aende kituo cha zimamoto kilicho karibu naye akaombe mafunzo kwa ajili ya ofisi yake au shule yake. Na wakuu wa vituo wampokee, kwa maana hiyo nayo ni sehemu ya uokoaji.