JIKONI KWETU: Saladi ya toni bila mayoneze

Juma hili tunaongea juu ya saladi ya toni, ile samaki ya mkebe ambayo vitabu vinaiita jodari. Wengi wetu tunaikuta kwenye ndoa na ubatizo, imejaa mayoneze. Leo tunaitengeneza na sosi ya majani mabichi. Ni nyepesi tumboni, na kazi yake haifiki hata saa moja kama maharage yameiva.

Kwa nini tunaacha mayoneze? Ile ya nyumbani inatengenezwa na yai bichi, na umeme ukikatika frigo inakuwa kabati tu. Saladi iliyochanganywa asubuhi na kuliwa jioni imekaa kwenye joto siku nzima, vijidudu vimeongezeka. Usiku watu wanatapika na kuharisha. Kesho yake maneno yanaanza: nani alipika, nani alitia sumu? Urafiki wa miaka unavunjika kwa sababu ya bakuli moja. Kabla ya kumshitaki jirani, tuulize kwanza chakula kilikaa saa ngapi.

Kwa watu 6 tunahitaji:
– mikebe 2 midogo ya toni
– vikombe 2 vya maharage yaliyoiva na kupoa
– nusu ya shu ndogo
– karoti 2, tomati 2, kitunguu 1
– mayai 3 yaliyochemshwa mpaka yakawa magumu

Kwa sosi:
– fungu dogo la persili, majani machache ya seleri, na siboleti ikipatikana
– ndimu 2
– vijiko 3 vya mafuta
– punje 1 ya kitunguu saumu
– chumvi kidogo na pilipili kidogo

Tuanze na maji. Kolera haijatuacha hapa Kivu, na majani mabichi hayapiti motoni. Chemsha maji, yatokote vizuri dakika 3, yafunike yapoe. Nawa mikono kwa sabuni. Osha shu jani kwa jani, toa udongo katika mashina ya persili, kisha suuza vyote kwa maji yale yaliyochemshwa. Ndimu inaleta ladha, lakini haichukui nafasi ya kuosha.

Katakata shu na karoti vyembamba sana. Kata tomati na kitunguu. Fungua mkebe, chuja toni vizuri, uivunje kwa uma, lakini isiwe uji. Changanya na maharage. Mkebe uliovimba au unaovuja usinunue, na kama uko nyumbani usiuonje hata kidogo.

Kwa sosi, katakata majani, ponda kitunguu saumu, weka chumvi, kamua ndimu, halafu mimina mafuta polepole huku unakoroga. Onja kwanza, kwa sababu toni ina chumvi yake tayari. Wenye tansio watashukuru.

Mimina sosi wakati watu wamekaa mezani. Panga mayai juu. Toni ikikosekana, au bei ikipanda, tumia samaki iliyopikwa na kutolewa mifupa, au sambaza zilizokaangwa. Sambaza tunazila na mifupa yake, basi watoto wanapata chokaa ya kukomaza mifupa, ambayo toni haina nyingi.

Jambo la mwisho: saladi hii haingoji. Pasipo frigo, iliwe mara moja, na katika saa 2 iwe imekwisha. Kinachobaki tusikifungie mtoto kwenda nacho shuleni kesho. Sisi tunaofundisha tunawaona wale wanaoshika tumbo kabla ya mapumziko.

Kwa mkutano ujao wa kikundi, tugawane kazi: mmoja alete toni, mmoja maharage, mmoja majani. Na mama mmoja apewe kazi ya maji tu. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Mpike vizuri, mle pamoja. Tuonane juma lijalo.